Umoja, Kanda na Kombe: Historia ya Mpira wa Shule na Vyuo vya Ualimu Tanzania na Lugha Yake, kwa Mfano wa Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Historia ya mpira wa miguu nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya klabu za mijini, hasa Yanga na Simba za Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza upande mwingine wa historia hiyo, yaani mashindano ya shule na vyuo vya ualimu yaliyopangwa kwa ngazi za wilaya, mkoa, kanda na taifa. Hoja kuu ni kwamba katika maeneo ya vijijini yaliyo mbali na pwani na reli, kama Kasulu na Kibondo, mwalimu aliyetoka chuoni ndiye aliyekuwa mlango wa mpira unaochezwa kwa sheria, na kwamba mlango huohuo ulipitisha istilahi za Kiswahili za mchezo huo. Majina ya miungano ya michezo, kama UMISSETA na UMISAVUTA, yanachambuliwa hapa kama ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kuandika historia ya klabu kubwa za mpira nchini Tanzania ana mahali pa kuanzia. Yanga inajulikana kuwa iliasisiwa mwaka 1935, na Simba, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland hadi ilipobadilishwa jina mwaka 1971, ilifuata mwaka 1936. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Taifa Stars ilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Lagos mwaka 1980. Matukio haya yana magazeti yake, picha zake na mashabiki wanaoyakumbuka.

Mpira wa vyuo hauna utajiri huo wa kumbukumbu. Wachezaji wake hukaa chuoni miaka miwili au mitatu kisha hutawanyika, na kombe hubaki katika kabati la ofisi ya mkuu wa chuo bila maelezo. Hata hivyo, kutokana na kutawanyika huko, mpira wa vyuo ulifika mahali ambapo klabu za mjini hazikufika. Mchezaji wa klabu alibaki mjini. Mchezaji wa chuo cha ualimu alipangiwa kituo cha kazi kijijini, akaenda na filimbi yake.

Kwa hiyo swali linaloongoza makala haya si nani alishinda kombe mwaka gani, bali ni kwa utaratibu upi mpira wa vyuo ulisambaa, utaratibu huo uliitwaje, na ulipokatizwa ni nani aliyepoteza zaidi. Kwa kuwa uchunguzi huu unafanywa kwa jicho la lugha, majina na istilahi zitapewa uzito sawa na tarehe.

2.0 Kutoka Kiungani hadi Tabora

Mpira wa miguu uliingia Zanzibar katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu ya chini ya bahari. Ya pili, ambayo ndiyo muhimu zaidi kwa mada hii, ni shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA, iliyokuwa imehamishia makao yake Zanzibar mwaka 1864. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kiungani iliwaandaa kuwa walimu na makasisi, kisha wakapelekwa bara, hasa Magila na Masasi.

Ni jambo la kutafakari kwamba misheni hiyohiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya awali ya kukiandika Kiswahili cha Unguja. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa lugha hiyo mwaka 1870, na lahaja ya Unguja ndiyo iliyokuja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mwalimu aliyehitimu Kiungani alikuwa na mizigo miwili: lugha ya Unguja na mchezo wa Waingereza. Kijijini alifundisha vyote viwili, na mara nyingi kimoja kwa njia ya kingine. Hapo ndipo mfano wa mwalimu-mchezaji ulipoanza nchini, na mfano huo ulidumu kwa zaidi ya karne moja.

Kwa upande wa magharibi, kituo kikuu kilikuwa Tabora. Shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa nia ya kuwasomesha watoto wa machifu, na iliendeshwa kwa kufuata mfano wa shule za bweni za Uingereza: mabweni yenye majina, viranja, na michezo ya jioni iliyokuwa ya lazima kama masomo. Wilaya za Kigoma, Kasulu na Kibondo zilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Kwa kijana wa Buha aliyebahatika kuendelea na masomo, Tabora ndiko kulikokuwa na shule na reli, na huko ndiko mpira ulikochezwa kwa jezi, kwa muda uliopimwa na mbele ya mwamuzi.

Wenyeji wengi wa Buha hawakupita njia hiyo. Serikali ya kikoloni iliichukulia nchi yao kuwa ghala la nguvukazi, na wanaume walisafirishwa kama manamba kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko walijifunza Kiswahili, kama wengine walivyokwisha kukipata kwa misafara ya biashara iliyoishia Ujiji. Hivyo Kiswahili kilifika nyanda za juu za Kigoma kwa njia tatu: msafara, mkonge na shule. Njia mbili za kwanza zilileta lugha ya kuzungumza. Njia ya tatu ilileta lugha ya kueleza kanuni, na mchezo wenye sheria kumi na saba hauwezi kuenea bila lugha ya kueleza kanuni.

3.0 Mwaka 1967: Mabaraza Mawili na Sera Moja

Mwaka 1967 unajulikana kwa Azimio la Arusha. Kwa mada hii una umuhimu mwingine pia. Katika mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria Na. 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa na Sheria Na. 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwezi Machi mwaka huohuo ulitolewa waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Michezo, lugha na elimu viliwekwa chini ya mtazamo mmoja, kwamba taifa changa lenye makabila zaidi ya mia moja lilihitaji mambo ambayo wananchi wote wangeyafanya pamoja na kwa lugha moja.

Vyuo vya ualimu vilikuwa mahali ambapo mambo hayo matatu yalikutana. Mafunzo ya ualimu wa Daraja la A, yaliyowaandaa walimu wa shule za msingi, yalitolewa kwa Kiswahili. Jambo hili huonekana dogo, lakini lina maana kubwa. Katika shule ya sekondari na katika chuo kikuu, mwanafunzi alijifunza kwa Kiingereza darasani kisha akatoka uwanjani na kucheza kwa Kiswahili. Katika chuo cha Daraja la A hapakuwa na mpaka huo. Somo la mbinu za kufundisha michezo lilitolewa kwa Kiswahili, na mwanachuo aliandaa azimio la somo la mpira kama alivyoandaa azimio la somo la hisabati: shabaha, vifaa, hatua, tathmini.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliofikia kilele mwaka 1977 viliongeza mahitaji ya walimu kwa kasi kubwa. Shule zilijengwa katika vijiji ambavyo navyo vilikuwa vipya. Katika mkoa wa Kigoma, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu wengi kutoka makazi yaliyotawanyika milimani na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Uhamisho huo ulikuwa na machungu yake, lakini ulikuwa na tokeo moja linalohusu makala haya: watoto wa umri mmoja, waliokuwa wakiishi mbalimbali, walijikuta katika shule moja, karibu na uwanja mmoja.

4.0 Majina ya Miungano kama Ushahidi wa Historia

Mashindano ya shule na vyuo yaliendeshwa chini ya miungano ambayo majina yake yamekuwa sehemu ya msamiati wa kila siku. Miungano mitatu ndiyo mikuu. UMISSETA ni Umoja wa Michezo na Sanaa wa Shule za Sekondari Tanzania. UMISAVUTA ni Umoja wa Michezo na Sanaa wa Vyuo vya Ualimu Tanzania. Shule za msingi zilikuwa na UMISHUMTA, ambayo baadaye ikawa UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma wa Shule za Msingi Tanzania.

Kimofolojia, majina haya hayakuundwa kwa kuchukua herufi ya kwanza ya kila neno, kama ilivyo kawaida ya vifupisho vya Kiingereza. Yameundwa kwa kuchukua silabi pale inapowezekana: U-MI-SA-VU-TA. Matokeo yake ni neno linalotamkika kwa utaratibu wa silabi wazi za Kiswahili, lenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hata pale ambapo maandishi yanakiuka utaratibu huo, kama katika SS ya UMISSETA, matamshi huurekebisha na wasemaji husema “umiseta”. Katika UMISHUMTA herufi M inasimama peke yake kama silabi, jambo ambalo Kiswahili kinaliruhusu katika maneno kama mtu na mke. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulitaja jina hilo bila kujua linafupisha nini, na ndivyo ilivyo kwa wengi.

Kisemantiki, majina haya yanaonyesha mambo matatu. La kwanza ni neno umoja. Miungano ya watumishi, kama SHIMIWI ya wizara na idara za serikali na SHIMISEMITA ya serikali za mitaa, hutumia neno shirikisho. Shirikisho huashiria wanachama walio kamili peke yao ambao wamekubali kushirikiana. Umoja huashiria kitu kimoja tangu mwanzo, na ni neno lililotawala msamiati wa siasa wa kipindi cha chama kimoja. La pili ni neno sanaa. Katika mashindano hayo mpira haukusimama peke yake. Ulichezwa pamoja na netiboli, riadha, ngoma, kwaya na maigizo, na mwanachuo aliyefunga bao asubuhi aliweza kuonekana jukwaani jioni.

La tatu ni mabadiliko ya jina la shule za msingi. Kati ya UMISHUMTA na UMITASHUMTA kuna silabi moja iliyoongezeka, TA ya taaluma. Silabi hiyo ni jibu. Inajibu lawama kwamba michezo huwapotezea wanafunzi muda wa masomo, lawama iliyokuwa na madhara makubwa kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 8.0. Mtu asiye na nyaraka nyingine yoyote angeweza, kwa kulinganisha majina haya mawili tu, kukisia kwamba katikati yake palitokea mgogoro juu ya nafasi ya michezo katika elimu.

5.0 Kanda na Maana Yake

Neno kanda ni wingi wa ukanda, yaani mshipi au kipande chembamba cha ngozi au nguo, na kwa upanuzi wa maana limekuwa eneo la nchi. Katika michezo, kanda ni kundi la mikoa jirani. Vyuo vya kanda moja vilishindana, kikateuliwa kikosi cha kanda, na kanda zikakutana kitaifa. Kasulu na Kabanga, vyuo viwili vya ualimu vilivyopo Kasulu, vinaingia katika upande wa magharibi pamoja na vyuo vya mkoa wa Tabora kama vile Tabora na Ndala.

Utaratibu huu unaweza kueleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na ule wa Marekani, ambako mpira wa vyuo, ingawa ni mpira wa aina nyingine unaobebwa mikononi, umekuwa tasnia kubwa. Mwaka 1895 wakuu wa vyuo vikuu saba vya eneo la maziwa makuu ya nchi hiyo walikutana Chicago, na mwaka uliofuata umoja wao ukaundwa. Ndio unaojulikana leo kama Big Ten. Tatizo lililowakutanisha halikuwa ratiba ya mechi bali udanganyifu, kwani timu zilikuwa zikichezesha watu ambao hawakuwa wanafunzi. Vyuo vyenyewe viliamua kujifunga kwa kanuni, na umoja wa kieneo ukazaliwa kutokana na kanuni hizo.

Nchini Tanzania mwelekeo ulikuwa kinyume. Kanda haikuundwa na vyuo bali na serikali. Chuo hakikuchagua jirani wa kushindana naye. Faida ya utaratibu huo ilikuwa usawa: chuo kidogo cha mbali kilikuwa na haki ileile ya kushiriki kama chuo kikongwe cha mjini. Hasara yake ilikuwa kwamba umoja ulioundwa kwa waraka uliweza pia kusimamishwa kwa waraka.

Hata hivyo, tatizo la Chicago lilijitokeza pia Tanzania na likapata jina lake. Mchezaji asiye mwanafunzi anayeingizwa katika timu ya shule huitwa mamluki. Neno hili lina asili ya Kiarabu na lilimaanisha mtu anayemilikiwa na mwingine. Katika siasa limekuwa askari wa kukodiwa, na uwanjani limekuwa kijana mwenye ndevu aliyevalishwa sare ya shule. Uzito wa neno unaonyesha uzito wa kosa. Katika ligi za mitaani kumkodi mchezaji hodari si aibu kubwa, lakini katika michezo ya shule mamluki ni usaliti, kwa sababu anachukua nafasi ya mwanafunzi ambaye mashindano yaliundwa kwa ajili yake.

6.0 Nyanda za Juu za Kigoma

Jina la Kigoma katika mpira linahusishwa na mji wa pwani ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo reli ya kati iliyofika mwaka 1914 inaishia. Mji huo una Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako Simba iliifunga Yanga bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho mwezi Julai 2021, na timu yake ya Mashujaa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023. Lakini sehemu kubwa ya mkoa haiko ziwani. Iko juu, katika nyanda zenye baridi na mvua za Heru, Muhambwe na Buyungu, ambazo ndizo Kasulu, Kibondo na Kakonko za leo.

Kasanda ni kata iliyopo Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kutoka huko hadi kituo cha reli cha Kigoma ni safari ndefu, na kabla ya barabara ya Nyakanazi kupata lami katika miaka ya karibuni, msimu wa mvua uliifanya ndefu zaidi. Kijana wa mahali kama hapo hakuweza kwenda kuitazama klabu kubwa ikicheza. Klabu ilimfikia kwa redio. Mpira wenyewe, wa kuchezwa na si wa kusikilizwa, ulimfikia kwa mwalimu.

Ndipo chuo kilichopo Kasulu kilipokuwa na nafasi ambayo chuo cha mjini hakikuwa nayo. Mwanachuo aliyecheza katika timu ya chuo, akapanda hadi timu ya kanda, alikuwa amejifunza mambo manne: kucheza, kufundisha, kuamua na kuandaa mashindano. Alipopangiwa shule ya kijijini alichora mistari ya uwanja kwa majivu, akawafundisha watoto wanaotumia mpira wa matambara, yaani chandimu, kwamba kuna mstari ambao mpira ukiuvuka umetoka, na akawapeleka kwenye mashindano ya kata. Kutoka kata ilikuwapo wilaya, kutoka wilaya ulikuwapo mkoa, na kwa mtoto mmoja au wawili safari ya mkoa ilikuwa mara ya kwanza kuona ziwa au gari moshi.

Mazingira ya lugha nayo yanafaa kutajwa. Kiha kina undugu wa karibu na Kirundi, ambamo neno mpira limepokelewa kama umupira, likapewa kiambishi cha awali cha lugha hiyo. Neno la Kiswahili lenyewe lilimaanisha kwanza utomvu na mmea unaoutoa, kisha kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, kisha mchezo. Wakimbizi kutoka Burundi walipopokelewa katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, hawakukuta mchezo mgeni wala neno geni. Walichokuta kipya ni istilahi za Kiswahili zilizolizunguka neno hilo.

7.0 Lugha ya Sheria na Lugha ya Redio

Istilahi za mpira katika Kiswahili zimepatikana kwa njia tatu zinazojulikana katika taaluma ya uundaji wa istilahi. Ya kwanza ni ukopaji: goli, kona, penalti, refa, beki, winga. Ya pili ni uundaji kwa unyambuaji na maelezo: mwamuzi, mshambuliaji, mlinda mlango, mshika kibendera, mchezaji wa akiba. Ya tatu ni upanuzi wa maana ya neno lililokuwapo: bao, kufunga, kuotea.

Njia hii ya tatu inastahili kuangaliwa zaidi. Bao ni alama ya ushindi iliyohesabiwa katika michezo ya Waswahili kabla ya mpira kufika, na kwa hiyo mpira uliingia katika hesabu ambayo tayari ilikuwa ya wenyeji. Kuotea ni kazi ya mwindaji anayejificha akisubiri mnyama apite. Mwalimu anayetaka kueleza kwa nini bao limekataliwa ingawa mpira umeingia langoni anakabiliwa na kanuni ngumu kuliko zote kumi na saba. Akitumia neno la kukopa, atalazimika kulieleza kwa nusu saa. Akisema “ameotea”, mtoto wa mkulima au mwindaji amekwisha kuelewa nusu ya kanuni: mshambuliaji alijificha nyuma ya walinzi akisubiri. Tena ameelewa kwa nini ni kosa, kwa kuwa kumwotea mwenzako si mchezo.

Mbali na lugha hii ya sheria, ilikuwapo lugha ya redio. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, waliwafanya wasikilizaji wauone uwanja wasiouona. Walihitaji tamathali: nyavu zilitikiswa, mkwaju ulipigwa, na mechi iliingia katika dakika za lala salama. Lugha hiyo iliburudisha na ikaenea haraka. Lakini mtoto aliyeisikia redio tu alijua kwamba nyavu zimetikiswa bila kujua kwa nini mwamuzi amekataa bao.

Inaweza basi kusemwa kwamba rejesta ya mpira ya Kiswahili ina wazazi wawili. Redio iliipa rangi, na chuo cha ualimu kiliipa kanuni. Wachunguzi wa lugha wamevutiwa zaidi na mzazi wa kwanza kwa sababu tamathali zake zinaonekana wazi. Mzazi wa pili hakuonekana kwa sababu alifanya kazi yake katika maelfu ya viwanja vidogo, kwa sauti ya kawaida ya mwalimu, bila kinasa sauti.

8.0 Ngazi Ilipokatika

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliyasimamisha mashindano ya shule za msingi na sekondari. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba yalikula muda wa masomo. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Wanafunzi waliochaguliwa walikaa kambini kwa wiki kadhaa, michango ilidaiwa kwa wazazi, na si kila kambi ilikuwa na usimamizi mzuri. Mashindano yalirudishwa katika nusu ya pili ya muongo huohuo, baada ya malalamiko ya wapenzi wa michezo kwamba timu za taifa zilikuwa zikikosa chimbuko la vijana.

Mjadala wa wakati ule ulijikita katika timu za taifa. Kwa mtazamo wa makala haya, hasara kubwa ilikuwa mahali pengine. Katika miji, kijana aliyekosa michezo ya shule alikuwa na klabu za mitaa na mashindano ya ndondo. Katika kata kama Kasanda, shule ndiyo iliyokuwa ngazi pekee ya kumtoa mchezaji kijijini. Ngazi ilipoondolewa, mpira haukukoma, kwani watoto waliendelea kucheza chandimu. Kilichokoma ni safari ya kutoka kata kwenda wilaya na mkoa, pamoja na sababu ya mwalimu kufundisha sheria. Mwanachuo wa Kasulu aliyehitimu katika miaka hiyo aliandaliwa kwa mashindano yasiyokuwapo. Miaka michache inatosha kwa kizazi kizima cha shule ya msingi kupita.

Wasichana walipoteza zaidi. Mvulana aliweza kucheza popote, lakini msichana wa kijijini alihitaji idhini ya shule ili aonekane uwanjani, kwanza katika netiboli na baadaye katika mpira wa miguu. Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022, na mafanikio hayo yalikuja baada ya ngazi ya shule kusimamishwa upya.

Mabadiliko ya sera yalionekana tena katika majina. Mtaala wa shule za msingi uliotolewa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo, jina linaloufanya mchezo uwe njia ya kulea tabia. Mtaala wa mwaka 2023 una Sanaa na Michezo, na kwa madarasa mawili ya mwanzo Utamaduni, Sanaa na Michezo. Neno sanaa, lililokuwa katika UMISSETA na UMISAVUTA tangu zamani, limerudi darasani kama jirani wa michezo. Mashindano ya kitaifa nayo yamepelekwa mbali na Dar es Salaam: Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Katika mashindano hayo ya karibuni, mkoa ndio unaopeleka timu, si kanda. Hivyo Kigoma, ambayo zamani ilijumuishwa katika kikosi cha Magharibi, husimama kwa jina lake yenyewe.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpira wa vyuo vya ualimu haukuwa ligi ndogo iliyokaa chini ya kivuli cha klabu kubwa. Ulikuwa utaratibu wa kusambaza mchezo, kanuni zake na lugha yake, ulioanza na wahitimu wa Kiungani na kufika hadi nyanda za juu za Kigoma. Majina ya miungano yake yamehifadhi historia ya sera: umoja wa kipindi cha chama kimoja, sanaa iliyokwenda sambamba na michezo, na taaluma iliyoongezwa ili kuituliza hofu ya wazazi na viongozi.

Mambo mawili yanajitokeza kama kazi kwa watafiti wanaochipukia. Kwanza, walimu waliosoma katika vyuo vya Daraja la A na kucheza katika vikosi vya kanda miaka ya 1970 na 1980 sasa ni wastaafu. Simulizi zao, pamoja na istilahi walizozitumia uwanjani, zinafaa kurekodiwa mapema. Pili, historia ya istilahi za michezo isiishie katika vitabu na redio. Itafutwe pia katika maazimio ya masomo, kwani huko ndiko neno kama kuotea lilikofanyiwa kazi kabla halijafika katika kamusi. Kombe lililo katika kabati la ofisi ya mkuu wa chuo linasubiri kuandikiwa maelezo yake, na wanaoweza kuyatoa wengi wao bado wapo.